Sekunde Sita za Gregory Coleman

Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ilikuwa na wimbo mmoja mzuri na upande mmoja mtupu wa santuri. Wimbo mzuri ulikuwa "Color Him Father", ambao ulikuja kushinda tuzo ya Grammy. Upande mtupu wakaujaza na "Amen, Brother", kipande cha ala bila maneno, chenye asili ya nyimbo za injili. Katikati yake wenzake wote wananyamaza, na mpiga dramu Gregory Coleman anaachwa peke yake kwa duru nne za kuhesabu moja hadi nne. Ni sekunde sita na kitu. Kisha bendi inarudi na wimbo unaendelea.

Sekunde hizo zimechukuliwa, zikakatwa na kuzungushwa katika maelfu ya nyimbo, kuanzia hip hop ya New York hadi muziki wa dansi wa Uingereza na matangazo ya televisheni. Coleman alifariki mwaka 2006 huko Atlanta bila kulipwa hata senti kwa matumizi hayo. Mwaka 2015 mashabiki walichangishana mtandaoni wakampa kiongozi wa bendi, Richard Spencer, pauni 24,000 hivi. Ilikuwa shukrani nzuri, lakini mpigaji mwenyewe alikuwa na miaka tisa kaburini.

Naanzia kwa Coleman kwa sababu historia ya utengenezaji wa biti, yaani muziki unaobeba mashairi ya rapa, husimuliwa mno kama historia ya mashine: hii ikatoka, ile ikaifuata, kompyuta ikazimeza zote. Mashine zina nafasi yake na nitazitaja kwa upendo. Ila ukisikiliza nyimbo za hip hop kwa mfuatano wa miaka, unachosikia kikibadilika hasa ni mipaka. Prodyuza aliwekewa mpaka na mikono yake, kisha na kumbukumbu ya mashine, kisha na hakimu, na sasa na bei ya leseni. Mipaka ya kwanza ilizaa muziki. Ule wa hakimu uliua aina nzima ya sanaa, na yule uliodaiwa kumlinda hakupata kitu.

Mpaka wa mikono kwanza. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo la 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York, kijana mzaliwa wa Jamaika aliyejiita Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake Cindy, iliyoandaliwa kukusanya fedha za nguo za shule. Herc alikuwa ameng'amua jambo kuhusu wachezaji wake: walikuwa wanasubiri. Wimbo wote ukipita walitikisika tu, lakini ikifika pale waimbaji na ala nyingine zinapokaa kando na kuacha dramu, hapo ndipo walipojitupa uwanjani. Akaja na dawa yake. Alinunua nakala mbili za santuri ileile, moja ikimaliza kile kipande anaanzisha ya pili, huku anairudisha ya kwanza nyuma. Sekunde chache zikawa dakika tano.

DJ mwingine, Grandmaster Flash, akaifanya kazi hiyo kuwa hesabu. Alichora alama kwenye santuri kwa kalamu ya rangi, kama mishale ya saa, akajua ni mizunguko mingapi airudishe ili pigo liangukie mahali pake bila kupoteza hata nusu ya hatua ya mchezaji. Huko ndiko kusampo, yaani kuchukua kipande cha rekodi na kukitumia ndani ya muziki mwingine, kulikoanzia, kabla ya mashine yoyote kupewa jina hilo. Kumbukumbu ilikuwa kwenye vidole, na ilidumu usiku mmoja tu.

Ndiyo maana rekodi za kwanza za hip hop hazikuwa na sampo kabisa. Hakukuwa na namna ya kuuweka ufundi wa DJ kwenye studio kwa bei ya kawaida, hivyo mwaka 1979 "Rapper's Delight" ilirekodiwa na wapigaji waliorudia "Good Times" ya Chic kwa mikono yao. Nile Rodgers na Bernard Edwards, watunzi wa wimbo wa Chic, walilalamika na majina yao yakaandikwa kama watunzi wa rekodi mpya. Likumbuke hilo, kwa sababu tutalirudia: watunzi walipata chao mapema. Baada ya hapo zikaja mashine za dramu. Roland TR-808 ilitoka mwaka 1980, ikaacha kutengenezwa mwaka 1983 baada ya kuuzwa takribani 12,000, na wengi waliona sauti yake haifanani na dramu za kweli. Kwa kuwa haikupendwa, ilishuka bei, na kwa kushuka bei ikafika kwa vijana.

Mageuzi yenyewe yalitokea kwa bahati. Katikati ya miaka ya 1980, prodyuza Marley Marl wa Queensbridge, New York, alikuwa studio akijaribu kunasa sauti ya mtu kutoka kwenye rekodi, akanasa kwa bahati mbaya na pigo la snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, lililokuwa nyuma yake. Alipolibonyeza kwenye kitufe, likasikika zito kuliko chochote kilichomo kwenye mashine yake ya dramu. Pigo lile lilikuja na chumba chake: ngozi, ukuta, maikrofoni, jasho la mtu aliyelipiga miaka mingi nyuma. Kuanzia siku hiyo prodyuza hakuhitaji tena kuchukua kipande kizima. Angeweza kuchukua kiki, yaani dramu nzito ya mguu, ya huyu na snea ya yule, akawakutanisha wapigaji ambao hawakuwahi kuonana, na kuwapangia la kupiga.

Sasa ngoja tukae kidogo kwenye mashine moja ya kusampo, E-mu SP-1200 ya mwaka 1987, kwa sababu ndani yake kuna somo zima. Kumbukumbu yake yote ilikuwa sekunde 10, na kipande kimoja hakikuruhusiwa kuzidi sekunde mbili na nusu. Sekunde kumi za kutengenezea wimbo mzima: dramu, besi, tarumbeta, kila kitu. Mtu wa kawaida angekata tamaa. Hao vijana walichukua santuri ya kasi ya mizunguko 33 kwa dakika wakaipiga kwa kasi ya 45, muziki ukakimbia kwa sauti nyembamba ya kitoto, wakaunasa hivyo hivyo, halafu ndani ya mashine wakaushusha hadi kwenye kasi yake ya asili. Kwa ujanja huo sekunde 10 zilibeba muziki wa sekunde 13 na nusu.

Lakini ujanja ulikuwa na gharama. Mashine ile ilichota sauti mara elfu 26 hivi kwa sekunde, wakati CD huchota mara 44,100. Ukikivuta kipande kilichobanwa namna hiyo, kinatoka na mikwaruzo, kama sauti iliyopitishwa kwenye mchanga. Mtengenezaji wa mashine angeiita kasoro. Masikio ya New York yakaiita sauti ya hip hop. Vaa hedifoni usikilize "They Reminisce Over You" ya Pete Rock na CL Smooth, ya mwaka 1992: ile saksofoni ilitoka kwenye rekodi ya Tom Scott ya mwaka 1967, na inavyolia ni kama mtu anakumbuka jambo na hana hakika nalo. Simuoni mtu aliyekaa chini akabuni hisia hiyo kwa makusudi. Ilitokana na uhaba wa nafasi na mtu aliyekuwa na sikio la kuitambua ilipotokea.

Mashine nyingine ya kusampo, Akai MPC60, iliyobuniwa na Roger Linn na kutoka mwaka 1988, ikaongeza muda na vitufe 16 vikubwa vya kupiga kwa vidole. Hapo kusampo kukarudi kuwa kupiga ala. Aliyelifikisha jambo hili mbali kuliko wote, kwa maoni yangu, ni J Dilla wa Detroit. Mashine hizi zina uwezo wa kunyoosha kila pigo likae kwenye mstari. Dilla mara nyingi aliuacha, au akaupinda, snea ikawahi kidogo, kiki ikachelewa kidogo, na mwili wako ukabaki unatafuta pa kusimama. Albamu yake "Donuts" ilitoka Februari 7, 2006, siku aliyotimiza miaka 32. Siku tatu baadaye alifariki. MPC3000 yake, toleo la baadaye la mashine hiyo, leo imewekwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington, na ni mahali pake panapostahili kabisa.

Nimeruka mbele makusudi, kwa sababu kati ya sekunde kumi za SP-1200 na vitufe vya Dilla kuna shimo, na shimo hilo lina tarehe.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 hip hop ilikuwa imefikia kilele ambacho naamini haijakirudia. Makundi ya Public Enemy mwaka 1988, De La Soul na Beastie Boys mwaka 1989, walitengeneza albamu ambamo wimbo mmoja ulishonwa kwa vipande kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi: mpasuko wa tarumbeta, mguno wa James Brown, sentensi ya hotuba, king'ora, gitaa lililopinduliwa. Kipande kimoja hakikutosha kuubeba wimbo, na hakikukusudiwa kuubeba. Maana ilitokana na mgongano. Ukisikia sauti ya mhubiri ikikatwa na dramu za klabu, umeambiwa kitu juu ya mtaa huo ambacho mashairi peke yake yasingekifikisha.

Tarehe 17 Desemba 1991 hakimu Kevin Thomas Duffy wa mahakama ya shirikisho huko New York alitoa hukumu dhidi ya rapa Biz Markie, aliyekuwa amesampo "Alone Again (Naturally)" ya Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Hukumu ilifunguliwa kwa amri ya Biblia: Usiibe. Tena hakimu akapeleka suala hilo kwa mwendesha mashtaka wa serikali, kana kwamba pale mbele yake alikuwa amesimama mvunja nyumba. Hakuuliza ni kipande kikubwa kiasi gani, kimebadilishwa vipi, kimedhuru soko la nani. Albamu iliyofuata ya Biz Markie, ya mwaka 1993, iliitwa "All Samples Cleared!", yaani sampo zote zimelipiwa.

Piga hesabu mwenyewe uone hukumu hiyo ilifanya nini. Kila kipande cha rekodi kina haki mbili: ya utunzi na ya rekodi yenyewe, na mara nyingi wenyewe ni wawili tofauti. Wimbo wenye vipande ishirini ni mazungumzo arobaini. Mmoja kati ya arobaini akikataa, au asipojibu simu, wimbo umekwama. Wawili wakidai nusu kila mmoja, umebaki mikono mitupu. Basi maprodyuza wakafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: wakachukua kipande kimoja kikubwa wakakilipia, au wakakata vipande vidogo mno visitambulike, au wakaacha.

Sisemi miaka ya 1990 haikuwa na uzuri. DJ Premier alikatakata sauti kwa ustadi wa fundi seremala. Dr. Dre mwaka 1992 alitegemea sana wapigaji wa studio warudie midundo ya zamani, kwa kuwa ukirudia unamlipa mtunzi tu na mwenye rekodi hakudai. Muziki wake ukapata unene ambao sampo isingempa. Uzuri ulikuwepo. Ila ushonaji wa vipande vingi ulikufa, na ulikufa kwa sababu ya bei wala si kwa sababu masikio yalichoka. De La Soul walilipa hadi mwisho: kwa sababu ya sampo na mikataba, albamu zao za mwanzo hazikuwepo kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni hadi Machi 3, 2023. Trugoy, mmoja wa watatu wao, alifariki Februari 12 mwaka huohuo. Zilibaki siku kumi na tisa.

Mwaka 2005 mahakama nyingine, ya rufaa, ikakaza kamba zaidi. Kesi ilihusu sekunde mbili za gitaa la Funkadelic zilizoshushwa na kuzungushwa ndani ya wimbo wa kundi la N.W.A. Mahakama ikasema, kwa ufupi: chukua leseni au usisampo, hata kiwe kidogo namna gani. George Clinton, aliyeongoza Funkadelic, alikuwa kwa miaka akivutana mahakamani juu ya umiliki wa nyimbo zake mwenyewe, kwa hiyo usidhani kesi ile ilikuwa ya kumtetea yeye. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya eneo jingine la Marekani ikasema kinyume, kwamba kipande kidogo mno si kosa. Sheria ya sekunde moja ya tarumbeta ikawa inategemea umeshtakiwa jimbo gani.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na siifichi. Watetezi wa hukumu hizi husema mwanamuziki lazima alipwe. Nakubali kwa moyo wote. Mwanamuziki yupi? Clyde Stubblefield ndiye aliyepiga dramu za "Funky Drummer" ya James Brown, mdundo ambao Public Enemy na mamia ya wengine waliujengea nyumba. Alikuwa mwajiriwa wa bendi. Rekodi ilikuwa ya kampuni, utunzi uliandikwa jina la James Brown, na sheria kwa kawaida huona utunzi kwenye maneno na melodia, si kwenye namna mtu anavyopiga snea. Alifariki mwaka 2017. Hata kila mtu duniani angelipia kila leseni kwa wakati, Stubblefield asingepata kitu. Andy Summers wa The Police ndiye aliyepiga lile gitaa lililobeba wimbo mkubwa wa maombolezo wa Puff Daddy mwaka 1997; fedha za utunzi zilimwendea Sting, mwimbaji wa bendi hiyo. Mfumo ulifungwa kwa jina la mpigaji, na mpigaji akaachwa nje ya mlango.

Kilichofuata baada ya hapo ni matawi mawili, na nitayapita haraka. Wenye fedha waliendelea kusampo, na sampo ikawa kama saa ya dhahabu: unaionyesha ili watu wajue umeweza kuilipia. Kanye West na Just Blaze walitoa kazi tamu sana humo, sikiliza "The Blueprint" ya Jay-Z ya mwaka 2001. Wasio na fedha wakahamia kwenye kompyuta. FruityLoops, programu iliyotoka Ubelgiji mwishoni mwa 1997 na baadaye kuitwa FL Studio, ilimfanya mtoto mwenye kompyuta moja awe na studio. Soulja Boy alitengenezea humo wimbo ulioshika namba moja Marekani mwaka 2007. Kusini mwa nchi wakaifufua ile 808 iliyodharauliwa, wakavuta kiki yake hadi ikawa besi inayoimba. Wazee wa kizazi cha santuri huita muziki huu uvivu, nami siko pamoja nao. Kuipangia 808 noti zake, ujue wapi iteleze na wapi inyamaze, ni utunzi kamili.

Ninachokihuzunikia ni kingine. Leo prodyuza anajiunga na huduma ya mtandaoni, anashusha kipande cha piano kilichopigwa mwezi jana na kupakwa vumbi la bandia kisikike cha mwaka 1972, leseni imo ndani. Hana kosa lolote. Lakini aliyefukua santuri alikuwa anakutana na mgeni, mtu aliyepiga kwa sababu zake, ambaye hakujua kama utakuja. Unalazimika kumsikiliza mpaka mwisho wa wimbo kabla hujajua utamchukulia nini. Kipande kilichotengenezwa ili kikatwe kinakukubalia kila kitu kabla hujauliza.

Hata dhana ya kile kipande cha dramu tupu, roho ya kila alichofanya Herc, inayeyuka. Kilikuwa na thamani kwa sababu kilikuwa adimu: wimbo mmoja kati ya mamia ulikuachia mlango wazi. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ilitoa bure programu ya Spleeter, inayotenganisha sauti, dramu na besi za rekodi yoyote kwa sekunde chache. Sasa kila wimbo uko wazi. Na mwaka 2024 prodyuza Metro Boomin alisampo sauti ya wimbo ambao mchekeshaji alikuwa ameutunga kwa msaada wa akili bandia. Sauti ile ina harufu yote ya soul ya zamani, na hakuna koo la mtu lililoiimba.

Mwaka 2019 pia tuliona jinsi mambo yanavyoweza kwenda. Prodyuza kijana wa Uholanzi, YoungKio, aliokota gitaa kutoka rekodi ya Nine Inch Nails ya mwaka 2008, akaliwekea dramu na kuiweka biti sokoni mtandaoni. Lil Nas X, aliyekuwa hajulikani, akainunua kwa dola 30. "Old Town Road" ilikaa namba moja Marekani kwa wiki 19. Trent Reznor na Atticus Ross wa Nine Inch Nails waliandikwa kama watunzi na maprodyuza, na kila mmoja akapata sehemu yake. Biti ilitoka kwanza, maafikiano yakafuata. Kwa sheria ya Duffy wimbo huo ulipaswa kufia kwenye kompyuta ya YoungKio.

Kwa hiyo napendekeza kitu ambacho si kigeni kabisa kwa sheria ya Marekani. Tangu mwaka 1909 sheria hiyo inamruhusu mtu kurekodi upya wimbo wa mwingine uliokwishatolewa bila kuomba ruhusa, mradi alipe kiwango kilichopangwa. Kipande kifupi kilichosampowa kingeweza kupewa njia hiyohiyo: kiwango kinachojulikana, kinachopanda kwa urefu wa kipande na mapato ya wimbo. Na upande wa mpigaji nao una mfano. Redio za mtandaoni zinapolipia rekodi nchini humo, sheria inatenga asilimia 5 kwa wapigaji na waimbaji wa pembeni, watu ambao majina yao hayako kwenye jalada. Asilimia 5 si nyingi. Kwa Stubblefield ingetosha kumlipia daktari, kwa Coleman ingelipa kodi ya nyumba.

Rudi kwenye "Amen, Brother" usikilize zile sekunde sita ukijua hayo. Duru mbili za kwanza Coleman anapiga mdundo wa kawaida, imara. Duru ya tatu snea ya mwisho inachelewa. Duru ya nne inaanza na ukimya, pale ambapo kila mpigaji angeweka kiki yeye hakuweka kitu, halafu mapigo yanajikwaa mbele na sahani ya shaba inapasuka kabla ya wakati wake. Hakuna aliyemwambia apige hivyo. Alikuwa anajaza upande wa pili wa santuri.